Justice League ya saa mbili na ya saa nne: ipi imekamilika, na kasoro zake ziko wapi?

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi na wenzangu hutazama filamu pamoja kila Jumamosi. Tumemaliza Justice League zote mbili, ile iliyoingia sinema mwaka 2017 na ile ndefu ya Zack Snyder ya mwaka 2021. Mwenzetu mmoja anaapa kwamba ya pili haina mfano. Kaka yangu anasema ni ileile, imevutwa tu kama mpira. Mimi naona kuna kitu kimebadilika ila sijui nikiite nini. Filamu ya kundi la mashujaa hupimwaje, na hii ya saa nne ina ubora gani na kasoro gani hasa?

Jibu: Ndugu yangu, macho yako hayakukudanganya. Kilichobadilika ni sababu. Katika filamu ya 2017 tukio moja linafuatwa na jingine. Katika ya 2021 tukio moja linalizaa jingine. Kaka yako amehesabu dakika, mwenzenu amehesabu msisimko, na wote wawili wameliruka swali ambalo filamu ya kundi husimama au kuanguka nalo: kila aliyemo kundini anahitajika? Kwa kipimo hicho ya saa nne inaishinda ya saa mbili kwa mbali. Kisha inajipunguzia heshima yenyewe kwa kutokubali kukata.

Kwanza tuelewane ilikuwaje zikawa mbili. Snyder alipiga sehemu kubwa ya picha mwaka 2016. Mei 2017 alijiondoa kazini kwa msiba wa binti yake, na mwongozaji mwenzake Joss Whedon akakabidhiwa kuimalizia: aliandika maonyesho mapya, akayapiga, na filamu ikatoka Novemba mwaka huo ikiwa na dakika 120. Jina la Snyder lilibaki kama mwongozaji. Mashabiki walidai toleo lake kwa miaka mitatu na zaidi, na tarehe 18 Machi 2021 likatoka kupitia HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, dakika 242, limegawanywa sehemu sita na hitimisho. Kwa mtu anayependa kujifunza uhariri hii ni bahati isiyopatikana mara mbili. Waigizaji ni walewale, adui Steppenwolf ni yuleyule, maboksi matatu ya nguvu anayoyawinda, yaitwayo Mother Box, ni yaleyale, hata maonyesho mengi ni yaleyale. Ukiona ubora umetofautiana, unajua tofauti imetoka kwenye mpangilio na kwenye kilichoachwa ndani au kutupwa nje.

Sasa uone mzigo wa filamu ya namna hii. The Avengers ya 2012 ina dakika 143 tu na mashujaa sita, na inatembea bila kuhema. Lakini ilitanguliwa na filamu tano kuanzia 2008: mbili za Iron Man, moja ya Hulk, moja ya Thor, moja ya Captain America. Mtazamaji aliingia akiwajua wakubwa wote; kazi iliyobaki ilikuwa kuwagombanisha na kuwapatanisha. Justice League haikuwa na akiba hiyo. Kufikia Novemba 2017 mtazamaji alikuwa amewazoea Superman, Batman na Wonder Woman. Flash mwenye kasi, Aquaman wa baharini na Cyborg, nusu mtu nusu mashine, walikuwa wameonekana kwa kupitapita tu. Na Superman mwenyewe alikuwa kaburini.

Piga hesabu. Una dakika 120. Toa majina ya mwisho na pambano la mwisho, tuseme dakika 30. Zilizobaki 90 zitambulishe mashujaa watatu wapya, zimtambulishe adui asiyejulikana, zisimulie historia ya maboksi, zikusanye kundi, zimfufue marehemu. Hata mhariri hodari angeshindwa. Ndiyo maana katika ya 2017 kila mtu anajieleza kwa sentensi mbili kisha tunasogea. Tatizo lilianza kwenye ratiba ya studio, kabla ya mkasi kushikwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mnaweza kukifanya Jumamosi mkiwa na karatasi moja. Andikeni majina ya mashujaa sita kwa kushuka chini. Mbele ya kila jina jibuni mambo mawili: kwanza, ni kitu gani anachokifanya ambacho mwingine yeyote kundini asingekiweza, na ambacho kisipofanyika hadithi inakatika; pili, anaanza na upungufu gani moyoni, na unaisha lini. Nafasi ikibaki wazi, huyo ni mapambo. Fanyeni kwa filamu zote mbili na mtaona wenyewe.

Anzeni na Cyborg, maana hapo ndipo filamu ya 2021 inapotajirika. Victor Stone ni mchezaji wa mpira wa Kimarekani chuoni. Mama yake anafariki katika ajali ya gari, yeye anabaki nusu mtu, na baba yake, mwanasayansi Silas Stone, anamwokoa kwa kutumia boksi. Kijana anamchukia baba kwa kumwokoa. Katika ya 2017 uchungu huo unatajwa kwa maneno na kupita. Katika ya 2021 tunapewa kinasa sauti ambacho baba amemwekea ujumbe. Victor anakisikiliza, hasira zinampanda, anakivunjavunja mkononi. Hatujui bado ujumbe uliishia wapi. Tunapewa pia onyesho fupi ambalo anatambua kwamba anaweza kuingia katika mifumo yote ya benki duniani, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumwekea fedha mhudumu wa mgahawa, mama anayelea watoto peke yake. Mwanamke yule anasimama mbele ya mashine ya kutolea fedha akiwa haamini macho yake. Onyesho halifiki mbali kwa muda, lakini baada yake unamjua Victor: anaweza kuupindua uchumi wa dunia, na amechagua mtu mmoja.

Halafu njooni kwenye boksi la tatu. Hapa ndipo tofauti ya filamu hizi mbili ilipo wazi kuliko popote. Mashujaa wametumia boksi kumfufua Superman, naye amezinduka akiwa hajitambui na kuanza kuwapiga. Katika ya 2017 wanalisahau boksi pale nje, Steppenwolf anakuja na kulichukua. Ndivyo hivyo. Kitu ambacho dunia nzima imekifia kinaachwa kama mwavuli kwenye daladala. Tangu hapo huwezi tena kuwaamini kuwa ni watu wazima wenye akili. Katika ya 2021 boksi liko ndani ya maabara na Silas. Steppenwolf anapofika, mzee anajifungia nalo na kulichoma kwa mionzi akijua itamuua, mwanawe akishuhudia. Mwanzoni inaonekana kafa bure, kwa kuwa boksi linachukuliwa vilevile. Kisha wanagundua kwamba amelipasha joto kiasi kwamba halina pa kujificha duniani. Joto hilo ndilo linaloonyesha maficho ya adui. Kifo kimoja kimefanya kazi tatu: kimewaondolea mashujaa aibu ya uzembe, kimefungua njia ya kwenda kwenye pambano la mwisho, na kimemlipa Victor deni la baba. Mwishoni kabisa anakiunganisha tena kile kinasa na kusikia maneno yaliyobaki. Katika ya 2017 Silas yuko hai, na hakuna deni lolote.

Flash naye ni hivyohivyo. Katika ya 2017 mchango wake kwenye pambano la mwisho ni kusukuma gari lenye familia litoke hatarini. Ni jambo jema, ila Superman angelifanya kwa mkono mmoja, na kweli sekunde chache baadaye tunamwona kabeba jengo zima. Karatasi yenu itabaki wazi hapo. Katika ya 2021 kundi linashindwa. Nasema linashindwa kabisa: maboksi yanaungana, mlipuko unasambaa, wenzake wanageuka vumbi. Flash yuko pembeni, amejeruhiwa ubavuni, peke yake. Anajiponya, anainuka, anakimbia kupita mwendo wa mwanga, na wakati unaanza kurudi nyuma. Angalieni ardhi: mbele yake hakuna kitu, na kila anapokanyaga, mawe yanajipanga upya chini ya nyayo. Wakati huohuo anaongea na baba yake ambaye yuko gerezani na hawezi kumsikia. Inakubalika kwa sababu tuliambiwa mapema kuwa kasi ile ni mwiko, kwamba ukiukaribia mwendo wa mwanga wakati wenyewe huanza kuvurugika. Mwandishi alipanda mbegu, akangoja, akavuna. Mbegu isipopandwa, tukio kama hilo huwa la stelingi kuokoka kimiujiza tu.

Wonder Woman anapata nafasi ya kutosha katika zote mbili. Batman kazi yake ni kukusanya watu, na katika ya 2021 ameongezewa imani isiyo na ushahidi kwamba watakuja, jambo linalomfaa mtu aliyewahi kutaka kumuua Superman. Aquaman ndiye anayebaki mwembamba. Anayazuia maji ya handaki chini ya Gotham, mji wa Batman, anamchoma Steppenwolf kwa mkuki mwishoni, lakini upungufu wake wa moyoni, kukataa watu wa baharini na wa nchi kavu kwa pamoja, hauna siku unapoisha. Saa nne, na bado. Hilo ni kosa la uandishi na haliwezi kusingiziwa muda.

Kuna sekunde chache ambazo zimo katika filamu zote mbili, na zinastahili kusimamishwa na kurudiwa. Superman amefufuka, anawashika Cyborg, Aquaman na Wonder Woman pamoja. Flash anakuja kwa kasi kutoka nyuma, dunia yote imeganda kama kawaida anapokimbia. Mara jicho la Superman linasogea. Linamfuata. Uso wa Flash unabadilika kutoka kujiamini hadi hofu tupu. Hakuna neno lililosemwa, na umeelewa mambo mawili kwa pamoja: nguvu za huyu mtu hazina mpaka, na kijana huyu hajawahi kuonekana na mtu akiwa katika kasi yake. Filamu ya kundi inapaswa kujaa vitu vya namna hii, nguvu ya mmoja kuonyeshwa kwa kugusana na nguvu ya mwingine.

Adui amepona nusu. Steppenwolf wa 2017 anataka maboksi kwa kuwa ni mbaya. Wa 2021 ni mdeni: alimsaliti bwana wake Darkseid, na kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani lazima ateke dunia 50,000 zaidi. Anapiga magoti kuomba, anakataliwa. Sasa ana haraka, na haraka yake inaeleweka. Lakini dawa hiyo imeleta maradhi mengine. Tukishajua kuna bwana mkubwa zaidi nyuma yake, huyu aliye mbele yetu anakuwa karani. Darkseid anasimama ng'ambo ya lango, anatazama, anaondoka. Hatari kubwa imeahirishwa hadi filamu nyingine, ambayo mpaka leo haijatengenezwa.

Kasoro nyingine, na hapa kaka yako atafurahi.

Mwendo wa polepole umetumika kupita kiasi. Kwa Flash una maana, kwa sababu hivyo ndivyo anavyouona ulimwengu. Onyesho la ajali ya gari, soseji zikielea hewani na viatu vikichanika miguuni, ni zuri kwa sababu hiyo. Lakini Lois, mpenzi wa Superman, akitembea na kahawa kwenye mvua, Aquaman akielekea kwenye mawimbi na chupa mkononi, kila kimoja na wimbo wake juu, vinarudia hisia tuliyokwisha kuipata katika sekunde kumi za mwanzo. Kule Iceland, baada ya Aquaman kuzama baharini, wanawake wa kijiji wanaimba na mmoja ananusa sweta aliloliacha. Wazo ni jema: watu hawa wanamwona kama nusu mungu. Picha moja ingetosha. Vilevile sauti ya kilio cha kale inayopigwa Wonder Woman anapojitokeza: mara ya kwanza nywele zinasimama, mara ya tano unaitarajia, baada ya hapo inakuchosha.

Kasoro inayoniuma zaidi ni ya mama yake Superman. Martha anamtembelea Lois, wanawake wawili waliofiwa na mtu mmoja wanakaa na kuongea. Ni onyesho la utulivu, la kibinadamu, ambalo filamu ililihitaji. Martha anatoka mlangoni, anageuka, kumbe alikuwa Martian Manhunter aliyejibadilisha umbo. Kwa sekunde hizo chache kila kilichosemwa mle ndani kinakuwa cha uongo. Limeharibiwa ili kumtambulisha shujaa wa saba ambaye hana kazi yoyote kwenye hadithi. Hitimisho nalo limejaa matangazo ya filamu zijazo: wabaya Lex Luthor na Deathstroke, kisha ndoto ya jangwani na Joker, adui wa Batman, kisha huyohuyo Martian Manhunter tena. Hadithi imeshafungwa, Steppenwolf amekatwa kichwa, Victor amesikiliza kinasa. Ningekata takriban dakika 40 kwa jumla, na nyingi zingetoka hapa.

Filamu ya 2017 nayo isinyimwe haki yake. Kwenye handaki Flash anaogopa, hajawahi kupigana, na Batman anamwambia aokoe mateka mmoja tu. Aingie, amtoe mmoja, baada ya hapo atajua la kufanya. Ni ushauri wa kweli kwa mtu aliyeganda kwa hofu, na toleo refu halina kitu kinacholingana nao. Pia ujio wa Lois kumtuliza Superman pale bustanini ulipangwa na Batman tangu mwanzo, wakati katika ya 2021 anakuwepo kwa sababu tu ana mazoea ya kupita hapo kila siku. Kwa hilo, ya 2017 imefikiri vizuri zaidi. Wanaoicheka kwa mdomo wa Superman waelewe kilichotokea: Henry Cavill alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya Mission: Impossible iliyokuwa ikipigwa wakati huo, hakuruhusiwa kuyanyoa, ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Mdomo wa juu ndio sehemu ya uso tunayoisoma sana mtu anapoongea. Ukikosea kivuli kidogo tu, uso wote unaonekana wa plastiki.

Mkitaka kuirudia, msiitazame kwa mkao mmoja. Sehemu tatu za kwanza siku moja, tatu za mwisho na hitimisho siku nyingine. Picha yake ni ya umbo la 4:3, imebana na kuacha weusi kulia na kushoto. Snyder alikuwa anafikiria skrini ndefu za IMAX, zile kubwa mno za sinema. Runinga yenu haina hitilafu. Msiikuze ijae, mtakata vichwa vya watu na sehemu ya chini ambako wahariri wameweka mambo. Na watoto wasiwepo: nchini Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, damu inamwagika, na lugha imeachiwa.

Kwa alama, ya 2017 naipa 4 kati ya 10, ya 2021 naipa 7. Zile 3 zilizokosekana zimegawanyika hivi: moja kwa Aquaman, moja kwa adui aliye karani, moja kwa mkasi uliolala. Kaka yako akibaki na msimamo wake, msibishane. Mwekeeni onyesho la boksi linavyochukuliwa katika ya 2017, kisha bila kusema neno mwekeeni la Silas akijifungia maabara.